Siku Mke Mwenzangu Alipokataa Kuonja

Wapo wanaosema mke mwenzangu alilipwa na wageni. Wapo wanaosema alilipwa na wapinzani. Na yupo fundi viatu mmoja hapa mtaani kwetu, mdomo wake haujawahi kupumzika tangu azaliwe, anaapa kwamba alitia sumu. Sasa nasema mimi, niliyegawana naye mume, ukuta na kamba ya kuanikia nguo: wote waongo. Kama angekuwa mtu wa sumu angeanza na mimi. Nafasi alikuwa nayo miaka yote, na sababu nilimpa kila asubuhi.

Mume wetu alipomleta nyumbani, mimi ndiye nilikuwa bi mkubwa na sikutaka mtu. Nilimpa kigoda kilichovunjika mguu nikamwambia karibu ukae. Akakaa, kikamwangusha mbele ya mawifi. Hakulia wala hakununa. Aliinuka akajipangusa, akaomba nyundo na msumari, akakipigilia kile kigoda mpaka kikasimama, kisha akanisogezea mimi. "Kalia, dada," akasema, "sasa hakianguki." Hapo nikajua nimepata mtu. Sikumwambia, na mpaka leo sijamwambia.

Mume alikufa akatuachia nyumba yenye majiko mawili na mtoto mmoja wa kike. Aliyemzaa ni yeye. Mimi sikujaliwa. Lakini yeye alikuwa anatoka alfajiri kwenda kazini, kwa hiyo aliyekesha na surua ya mtoto ni mimi, na aliyembeba mgongoni kumpeleka shule siku ya kwanza akipiga mateke ni mimi. Wanaosema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, waje niwaonyeshe mgongo wangu. Mtoto mwenyewe alitugawa vizuri: yeye alimwita Mama, mimi Mama Mkubwa, na akitaka fedha ya kalamu alituita wote kwa pamoja.

Kazi ya mke mwenzangu ilikuwa kupika. Alianza kumpikia bwana mmoja aliyekuwa ofisa mdogo tu, ana suti moja na tai ya kuazima. Bwana yule akapanda cheo, akapanda tena, na kila alipopanda alimbeba mpishi wake. Mwisho akawa mkuu wa nchi. Sisi nyumbani tulimwita Mkubwa, basi na hapa nitamwita hivyo. Yeye alimwita mke mwenzangu Shangazi, tangu enzi za ile tai, na hakuacha.

Lakini cheo kilipopanda, usingizi ulishuka. Wakubwa wengine huogopa bunduki. Huyu aliogopa sahani. Akaweka utaratibu wake, na utaratibu wenyewe ulikuwa huu. Chakula kikifika mezani, hakuna kugusa. Mke mwenzangu anasimama kulia kwa kiti cha Mkubwa, amevaa aproni nyeupe, mkononi ana kijiko chake cha mti. Anachota kwenye sahani ya Mkubwa mwenyewe, mbele ya macho ya wote. Anatia mdomoni, anatafuna, anameza. Kisha anafunua mdomo kidogo, Mkubwa aone kweli kimekwenda chini. Halafu anasema, "Kimeiva." Hapo Mkubwa anashika uma, na wageni nao wanashika zao. Kabla ya neno lile hajala mtu, awe waziri, awe balozi, awe na njaa ya kuangusha tembo.

Mtaani wakampa jina: Ulimi wa Serikali. Alipopita kwenda sokoni wauza mboga walimwita, "Ulimi! Njoo uonje nyanya zetu utuambie kama tutaishi!" Naye aliwajibu, "Nyanya zenu hata sumu ingezikataa." Alikuwa na maneno, huyu mwanamke. Lakini ya mezani hakuyaleta nyumbani. Watu wakubwa humwona aliyesimama nyuma ya kiti kama wanavyoiona feni, wanaongea tu. Nilimchokonoa sana aniambie. "Dada," alinijibu, "ya mezani yanabaki na makombo." Jambo moja tu lilimponyoka siku moja akipepeta mchele, akalicheka peke yake. Alisema, "Huyu bwana, asubuhi redioni anawafokea wageni kwamba hatupangiwi na mtu. Mchana anawauliza kama nyama ni laini."

Sasa nije kwenye uchaguzi.

Mwaka ule wageni waliokuwa wanatukopesha walikuja mapema. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu tuliwapa kiti cha mbele na kipaza sauti. Walileta masanduku ya kura yanayoona ndani, walileta wino wa kidole, walileta waangalizi waliovaa vizibao vya rangi kali kama wafagiaji wa barabara. Walisema uchaguzi usipokuwa safi, mkopo wa reli hakuna. Mkubwa akapanda jukwaani akasema yeye hatishwi, kama hawataki reli wapo wageni wengine wanaoitaka, tena hawaulizi maswali. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, sifichi. Ni raha kumsikia mtu wa kwenu akimjibu mgeni.

Mkubwa amezaliwa mtaa wetu. Kwa hiyo siku ya kura alikuja kupigia hapa, kwenye shule ya msingi, aonekane ni mtu wa watu. Wapiga picha walikuwa wengi kuliko wapiga kura. Wenye vizibao walikuja naye, wakaondoka naye, na jua halijafika utosini wakawa wameshatangaza kwamba mambo ni shwari.

Msimamizi wa kituo kile alikuwa binti yetu. Yeye ni mwalimu wa hesabu, na kituo kilikuwa darasani kwake. Jioni kura zikahesabiwa mbele ya mawakala wa kila upande, karatasi moja moja, inainuliwa, inaonyeshwa, inawekwa. Mkubwa akashindwa pale. Na hakushindwa kidogo. Binti yetu akatoka akayasoma matokeo kwa sauti ile ile anayosomea majina ya watoto, akayabandika mlangoni kama sheria inavyotaka. Watu hawakushangilia. Walikohoa tu, kama watu waliokuja msibani kwa marehemu wasiyempenda.

Nchi nzima ilitangaziwa kwamba Mkubwa ameshinda. Sasa mlango mmoja una nini? Ungemwuliza mtu mwingine angesema hauna kitu. Lakini Mkubwa ni mtu ambaye ukimpa shamba zima limestawi atakuuliza habari za mche mmoja ulionyauka. Hakulala. Na kwa wageni nako kulikuwa na shida yake. Mtu alipiga picha ya ule mlango, picha ikavuka maji, magazeti ya kwao yakauliza: imekuwaje mtu ashinde kila mahali, ashindwe pale pale alipopigia kura yake mbele ya waangalizi? Bunge la kwao likasema fedha za reli zikae kwanza. Na wale wageni wengine, wasiouliza maswali, walishaanza kupima njia ya reli kwa kamba.

Ndipo wale waliokuwa wanatukopesha wakamtuma Mjumbe. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye miwani myembamba, na mkalimani wake kijana wa hapa hapa. Alipofika mara ya kwanza maneno yake yalikuwa makali. Mara ya pili yakawa ya vuguvugu. Mara ya tatu likabaki neno moja tu: utulivu. Utulivu wa nani, hakusema. Watu hupenda kusema kwamba fahali wawili wakipigana nyasi ndizo huumia. Mimi nimeona zaidi ya hayo. Hata wakipatana nyasi huumia, maana hulala juu yake.

Walichopatana ni hiki: binti yetu asimame mbele ya vipaza sauti aseme alikosea kujumlisha. Basi. Mkubwa aupate mlango wake, Mjumbe aipate reli yake. Yule mtoto akawaambia watu wa Mkubwa, "Nilijumlisha mbele yenu, nikarudia mbele yenu." Wakamfuata shuleni asubuhi, wakamchukua mbele ya wanafunzi, chaki ikiwa mkononi.

Siku zile nyumba yetu haikukalika. Mke mwenzangu aliendelea kwenda kazini kama kawaida, aproni nyeupe, kijiko kwenye mfuko. Nilimwona amekuwa mwendawazimu.

"Unampikia mtu aliyekufungia mtoto?" nikamwuliza.

"Nampikia ili anifungulie."

"Amekwambia nini?"

"Ameniambia, Shangazi, asome tu yale maneno, jioni hiyo hiyo atalala kwenu. Mistari michache, dada. Mtoto atoke kwanza. Mengine tutayasema akiwa ameshiba."

"Mistari michache! Na wewe ukiambiwa mtaani kwamba uliiba nyama ya mwajiri wako, useme ndiyo kwa mistari michache?"

"Ningesema, ili mtoto atoke."

"Basi wewe huna mfupa."

Akanitazama. "Mfupa ninao," akasema, "ila wewe umezoea kunitafuna." Akaingia jikoni kwake akafunga mlango. Hatukusemeshana tena siku ile wala iliyofuata, na nguo zake nilizianua mvua ikija, lakini nilizitupa tu juu ya kigoda, sikuzikunja.

Kwenda kumwona mtoto nilikwenda mimi, kwa sababu yeye walimwahidi kwamba akitulia ndiyo mtoto atatoka haraka. Nilichukua sabuni, nguo za kubadilisha na viatu vya wazi. Askari wa zamu alinipekua mpaka kwenye kilemba.

"Bibi, umeficha nini humu?"

"Mvi. Zihesabu, kisha useme umekosea."

Akacheka, kumbe naye ni mtoto wa watu, akanipitisha.

Binti yetu alikuwa amekonda shingo, lakini macho yake yalikuwa yale yale. Tulikaa kwenye benchi moja, askari kasimama karibu. Nikamwambia mama yako anasema usome utoke. Nilisema kwa sababu nilitumwa, siyo kwa sababu nilipenda.

"Na wewe unasemaje, Mama Mkubwa?"

"Mimi nasema kichwa ni chako. Lakini mgongo ni wangu, nimekubebea muda mrefu, sitaki uuinamishe bure."

Akacheka kidogo. Kisha akaniambia neno ambalo nimelishika mpaka leo. "Mama Mkubwa, mimi nafundisha kujumlisha. Nikisema redioni kwamba sijui kujumlisha, Jumatatu nitasimama mbele ya watoto niwafundishe nini? Mwambie Mama asiniombee msamaha. Mwambie sijakosa."

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Nilimkuta mke mwenzangu anapiga pasi aproni ya kesho. Nilisimama mlangoni kwake, mahali ambapo sikuwa nimesimama kwa muda, nikamwambia maneno ya mtoto kama yalivyo, sikuongeza, sikupunguza.

Aliendelea kupiga pasi sehemu moja ile ile mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kuungua. "Unaunguza," nikamwambia. Akainua pasi. Palikuwa na alama ya kahawia kifuani kwenye aproni nyeupe. Akaitazama.

"Hii wataiona," akasema.

"Vaa nyingine."

"Sivai nyingine," akasema.

Ya siku iliyofuata sikuyaona kwa macho yangu. Aliniambia mwenyewe, naye si mtu wa kutia chumvi kwenye maneno. Tena mhudumu aliyebeba trei mchana ule alikuja baadaye akayasimulia vile vile, na yule mkalimani naye, alipoacha kazi, alipita hapa akayasimulia mara ya tatu. Midomo mitatu, habari moja.

Ilikuwa chakula cha mchana. Mezani alikuwepo Mkubwa, alikuwepo Mjumbe, alikuwepo mkalimani katikati yao. Mkuu wa nyumba, yule anayesimamia watumishi, alisimama ukutani, na mlinzi mlangoni. Chakula kikaletwa: mchuzi wa nyama, wali, mboga na mkate. Mke mwenzangu akasimama mahali pake na alama yake ya pasi kifuani.

Mjumbe alikuwa anaongea. Mkalimani akageuza: "Anasema maneno ya yule mwalimu yameshaandaliwa. Anasema ni maneno laini, hayatamwumiza mtu. Ayasome Ijumaa, na Jumamosi mkataba wa reli utiwe saini."

"Atasoma," akasema Mkubwa. "Mama yake ni mtu wangu. Nimekula mkononi mwake tangu sina kitu. Siyo, Shangazi?" Akasogeza sahani yake kidogo, kama alivyofanya kila siku, ili ichotwe.

Mke mwenzangu alikuwa ameshachota. Kijiko kilikuwa kimejaa, kimefika karibu na kidevu. Akakirudisha. Akamwaga mchuzi kwenye sahani, akakilaza kijiko mezani, tumbo chini.

"Leo sionji," akasema.

Mhudumu anasema alisikia barafu ikigongana kwenye jagi.

"Unaumwa, Shangazi?"

"Siumwi."

"Chakula kina nini?"

"Chakula hakina kitu. Nimekipika mimi, kama siku zote."

"Basi onja."

"Sionji."

Mjumbe akamwinamia mkalimani kuuliza kuna nini. Kijana akajikaza, akasema kitu kifupi. Mke mwenzangu akamgeukia. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia... huna njaa, mama."

"Usinipunguzie, mwanangu. Yabebe maneno yote umpelekee." Kisha akamgeukia Mkubwa, na kwa mara ya kwanza tangu apande vile vyeo hakumwita baba wala mheshimiwa. "Mwanangu, miaka yote hii nimekumezea. Nimekufunulia mdomo kama mtoto anayekaguliwa dawa. Sikuona haya, ilikuwa kazi yangu, na kazi si utumwa. Lakini sasa unataka na binti yangu afunue mdomo. Ameze maneno aliyopika huyu mgeni, watu wamwone amemeza, useme kimeiva. Hakijaiva. Mchuzi wa jikoni kwako mwenyewe huuamini mpaka nikutangulie mimi kaburini. Watu nao watauamini vipi ushindi wako kwa kuambiwa tu?"

Mkalimani aliubeba ule mzigo wote, neno kwa neno. Anasema hakuangusha hata moja.

"Nakuamuru uonje," akasema Mkubwa.

"Marehemu mume wangu alishindwa kuniamuru, na yule alinitolea mahari."

Hapo Mkubwa alipaswa kucheka, yakaisha. Mtu mwenye kujiamini angecheka, angechota mchuzi akala, mke mwenzangu akafukuzwa kazi na hadithi ikafia pale. Lakini mnakumbuka nilivyosema, huyu aliogopa sahani. Akageuka kwa mkuu wa nyumba. "Onja wewe."

"Mheshimiwa," akasema mkuu wa nyumba, jasho linamtoka, "mimi daktari alinikataza chumvi."

Akamtazama mlinzi. Mlinzi, bonge la mtu, bastola kiunoni, akashika shavu. "Jino, mzee. Toka jana."

Basi akabaki Mjumbe. Mkubwa akatabasamu, akamwambia kupitia kwa mkalimani, "Wewe ni mgeni wangu na rafiki yangu. Waonyeshe hawa jinsi marafiki wanavyoaminiana. Anza."

Sasa Mjumbe naye alikuwa na siri yake. Njaa ilimzidi, alikuwa ameshakata kipande cha mkate kabla ya neno la kuiva, kinyume cha utaratibu, na aliposikia habari ya sionji kipande kilikuwa bado shavuni. Hakuthubutu kukimeza. Alikuwa amekitema polepole kwenye kitambaa cha mezani akidhani hakuna anayeona. Alipoinua mikono kukataa, kitambaa kikaanguka kikafunguka.

Mkubwa akautazama mkate. "Umetema," akasema. Kisha akapaza sauti. "Umetema mkate wangu! Mnakuja kunifundisha kuhesabu, mnakuja kuniandikia maneno ya watu wangu waseme nini, halafu mkate wangu mnautema kama mnalishwa na mchawi!"

Mjumbe akapangusa miwani yake. Hakupandisha sauti. Alisema sentensi moja, na mkalimani akaigeuza: "Anasema, kama ni salama, mheshimiwa, ule wewe."

Watu wote mle ndani wakamtazama Mkubwa. Akaitazama sahani. Mchuzi ulikuwa unatoa moshi, mke mwenzangu anasema haujapata kunukia vizuri kama siku ile. Mkono wa Mkubwa ukaenda mpaka kwenye uma, ukaugusa, ukarudi.

Hakula.

Mwenye nyumba kashindwa kula kwake, mgeni kashindwa kula kwa rafiki yake, na mlinzi anaumwa jino. Matokeo ya ule mlango yalisomwa mara ya pili pale mezani, na safari hii pia mawakala wa pande zote walikuwepo.

Mjumbe aliinuka akaondoka. Mke mwenzangu walimfungia kwenye stoo ya viazi. Alisikia wakibishana nje nani aonje ushahidi, hakupatikana mtu, mwisho wakampa mbwa wa lindo. Mbwa akala mchuzi wote, akalamba sufuria, akalala mguuni pa mlinzi akingoja zaidi. "Angalau mbwa amesema kimeiva," aliniambia alipotoka. Maana walimtoa jioni ile ile. Wangemshtaki kwa lipi? Kwamba hakula? Walimnyang'anya aproni, kijiko wakamwachia. Alifika nyumbani nikiwa nimesimama mlangoni. Nilitaka kumwambia neno zuri.

"Umechelewa," nikasema.

"Nilikuwa na wageni," akasema.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo watu wanapopotosha. Hakuna aliyetuhurumia. Mkubwa, kwa hasira ya ule mkate, alikwenda redioni akasema hakuna mgeni atakayemwandikia mwalimu wa nchi hii maneno ya kusema. Alisema yeye ndiye anayemlinda mwalimu wetu asidhalilishwe na watu wa nje. Kile binti yangu alichokuwa amefungwa kwa kukikataa, Mkubwa akakidaka akakifanya chake, na makofi akapigiwa. Safari hii mimi sikupiga. Wageni nao, kwa hasira ya kufokewa, wakaandika ripoti yao ya mwisho na ule mlango wakauweka ndani, kwa herufi nzito. Kila mmoja kwa tumbo lake. Na mtoto waliyemfunga kwa ajili ya mapatano, mapatano yakishakufa, wamweke wa nini? Kumpeleka mahakamani ilikuwa ni kuisoma ile hesabu kwa mara ya tatu. Wakamfungulia lango la nyuma, siku ya kawaida tu, bila gari, bila neno. Hakusoma mstari hata mmoja. Alikuja akitembea na vile viatu vya wazi nilivyompelekea, na mama yake alikuwa uani anafua. Alimwona, akainuka na povu mikononi, akasimama tu. Nikamsukuma mimi ili aende.

Fundi viatu anasema, basi mlipata nini? Mkubwa aliendelea kutawala mpaka alipochoka mwenyewe. Reli ilijengwa, na wale wageni wengine, na inapita mbali na sisi. Binti yetu shule hawakumrudishia. Mke mwenzangu unga ulimwagika na hakupata kazi nyingine, maana nani atamwajiri mpishi wa namna ile? Yote ni kweli. Kijiko hakipindui nchi, na mimi sijasema kimepindua. Nasema hivi: mtoto wetu yupo chumba cha mbele sasa hivi, anafundisha watoto wa mtaa mzima kujumlisha, na wa fundi viatu wakiwemo, na hakuna mtoto hata mmoja anayeweza kumwambia, mwalimu, wewe mwenyewe ulisema hujui. Hilo ndilo tulilolipata. Anayeona ni dogo, na akalitafute lake.

Mke mwenzangu alikula kiapo siku ile kwenye stoo ya viazi kwamba hataonja tena chakula, cha mtu yeyote, hata cha sufuria yake mwenyewe. Na kiapo amekishika, mkaidi yule. Majiko yetu sasa ni moja, uzee umetuunganisha, na anayepika ni yeye. Anakadiria kwa macho na kwa mkono, na mkono umezeeka. Jana mchuzi ulikuwa chumvi tupu. Nilikula kijiko kimoja machozi yakanilenga.

"Bi mdogo," nikamwambia, "leo umetumwaga baharini. Ungeonja kidogo tu, nani angekuona?"

"Mimi ningejiona," akasema. "Na wewe una ulimi. Ongeza maji."

Nikaongeza maji.